Bunduki ya Baba Ilipopiga Kushoto

Mama alinipigia simu nikiwa nimeifungua cherehani ya mteja mezani, skrubu zake zimejaa kwenye kifuniko cha kopo. Aliongea kwa sauti ya chini kama mtu aliyejificha nyuma ya nyumba.

"Njoo uongee na baba yako. Anataka kwenda kuisalimisha bunduki polisi."

"Kwa nini?"

"Amemkosa fisi."

Nikaziacha zile skrubu pale pale, nikafunga kibanda, nikapanda gari la mchana la kwenda Sepuka.

Kazi yangu ni kutengeneza cherehani, hapa Singida mjini. Watu wengi hudhani jambo la bunduki halimhusu mwanamke mwenye kazi kama yangu, lakini ile bunduki nimekua nayo. Wazee wengine kijijini walikuwa na magobole ya kushindilia baruti. Ya baba ni bunduki ya kizamani ya kukoki kwa mkono. Chini ya kifyatulio kuna wenzo wa chuma wenye tundu la kupitisha vidole, kama mpini wa mkasi wa fundi nguo. Ukiusukuma chini ganda lililotumika linaruka nje, ukiurudisha juu risasi mpya inaingia. Kwa sababu hiyo kijiji kizima kiliiita Mkasi. Babu aliipata kwa mzungu mchimba visima aliyekuwa akifunga kambi arudi kwao, na baba akairithi kwa kufuata taratibu zote, leseni ikiwa kwa jina lake. Nguruwe pori wakivamia karanga, anaitwa baba. Fisi akizoea zizi la mtu, anaitwa baba, na afisa wanyamapori wa wilaya anapewa taarifa. Sikuwahi kusikia kwamba amekosa.

Niliposhuka Sepuka nilichukua bodaboda. Dereva alinifahamu. Hatujafika hata kwenye mashine ya kukamua alizeti akaanza kunisimulia.

"Dada, mzee wako hajamkosa fisi. Msimlaumu. Yule si fisi wa kawaida."

"Ni wa namna gani?"

Alionyesha kwa kidevu upande wa mwisho wa kijiji, kwenye nyumba ya bibi mmoja mjane anayesuka nyungo. "Mzee amepiga mara mbili," akasema, "mnyama kasimama anamtazama tu. Halafu akaondoka anatembea. Sasa wewe niambie. Na usiku uliofuata vijana wakarusha mawe juu ya bati la bibi."

Kwetu husemwa wachawi hupanda fisi usiku, na maneno ya namna hiyo hayaishii kwenye bati. Nilimwambia dereva aongeze mwendo.

Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda barazani, bunduki imeviringishwa blanketi na kulazwa magotini mwake kama mtoto mgonjwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama." Huniita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake. "Umeacha kazi yako uje kumtazama kipofu?"

"Nimekuja kukusalimia. Mama anasema unakwenda polisi."

"Kesho." Akalipapasa blanketi. "Nimewaambia watu jicho langu limekwisha. Hawataki kusikia. Wanasema mimi siwezi kukosa umbali ule, kwa hiyo mwenye kosa ni yule bibi. Nikiisalimisha bunduki mbele ya watu, labda wataamini kwamba ni uzee wangu."

Kumbe ndiyo ilikuwa sababu. Nilidhani ni aibu inayomtafuna, kumbe alikuwa tayari kuipoteza Mkasi ili mtu mwingine aachwe salama. Halafu, kwa mazoea ya kazi yangu, nikamuuliza swali ambalo humuuliza kila mteja anayeniletea mashine inayoharibu nguo.

"Ilikosea vipi?"

"Vipi tena? Ilikosea."

"Risasi zilipiga wapi, baba?"

Akafikiri. "Kwenye nguzo ya mlango wa zizi. Kushoto kwa mnyama."

"Zote mbili?"

"Zote mbili."

Nikasimama. "Twende tukaione hiyo nguzo."

Jirani mwenye kondoo alitupokea bila furaha. Alikuwa amepoteza wanyama kadhaa na uso wake ulikuwa umekaza. Lakini alituonyesha nguzo, na pale nilipoona yale matundu mawili nilisogea karibu. Yalikuwa karibu karibu. Niliweka kiganja changu juu yake, kikayafunika yote mawili.

"Baba," nikasema, "jicho lililokwisha linatawanya. Leo huku, kesho kule. Hili limekosea mahali pamoja."

Nikamweleza kwa lugha ninayoijua. Mshonaji akiwa na mkono unaotetemeka, mshono wake unapinda huku na huku. Lakini mshono ukiwa umenyooka vizuri, ila umekwenda pembeni ya chaki kwa kipimo kile kile toka mwanzo hadi mwisho, basi usimlaumu mshonaji. Kuna kitu kimesogea kwenye mashine.

Tulirudi nyumbani kwa mwendo wa haraka kuliko tulivyokwenda. Baba alitoa risasi zote, akaukoki ule wenzo mara kadhaa kuhakikisha chumba cha risasi ni kitupu, akanikabidhi bunduki nikaitazame juani. Kwenye mdomo wa mtutu kuna kichuma kidogo kilichosimama, ambacho baba hukiita sindano. Nyuma, karibu na jicho la mpigaji, kuna kipande kingine chenye mwanya. Anayelenga huiweka sindano katikati ya mwanya, kisha sindano juu ya kitu anachotaka kukipiga. Kile kipande cha nyuma kimekaa kwenye mfereji uliochongwa kukata mtutu, kimebanwa humo bila skrubu, kwa kukazana tu. Na upande wa kulia wa mfereji ule niliona mstari mwembamba wa chuma kinachong'aa, kisicho na kutu wala weusi wa moshi, unene wa ukucha.

"Kilikuwa kimekaa hapa," nikamwonyesha kwa ncha ya sindano yangu ya kushonea. "Kimesukumwa kushoto. Kutu haijapata muda wa kuingia."

Baba aliisogeza karibu na uso, akaigeuza, akaisogeza mbali. Mama alikuwa amekuja nyuma yetu na mwiko mkononi.

"Siku tuliyohama majuzi kutoka kwenye ile nyumba ya tembe," mama akasema, "bunduki ilikuwa chini kabisa ya mkokoteni. Juu yake mliweka jiwe la kusagia."

Baba alianza kucheka taratibu, mabega yakitikisika, na mimi nikaenda kutafuta nyundo ndogo kwenye mkoba wangu. Lakini aliponiona nayo akaacha kucheka.

"Hapana, mama. Silaha haiguswi hovyo. Na tukiirekebisha sisi wawili hapa uani, nani ataamini? Mpigie simu afisa. Halafu nitazungumza na mwenyekiti awatangazie watu waje."

Afisa wanyamapori alifika asubuhi iliyofuata kwa pikipiki, kijana mrefu wa Kilimatinde mwenye adabu nyingi. Alimwamkia baba kwa kuinama, akakagua leseni, akaniuliza maswali, akatazama ule mstari unaong'aa. Habari za yule fisi alikwisha zipata na alikuwa na kibali cha kumshughulikia. Akasema tutafute mahali penye ukingo wa udongo, risasi isipate pa kwenda. Baba akatupeleka kwenye korongo lililokauka nyuma ya miamba, ambako ukuta wa udongo mwekundu umesimama juu kuliko nyumba.

Sikutegemea watu wangekuwa wengi vile. Walikaa juu ya mawe nyuma yetu, wanaume upande mmoja, wanawake wakiwa na kanga zao zinapepea kwa upepo wa kiangazi. Jirani mwenye kondoo alikuwapo. Dereva wa bodaboda alikuwapo. Na yule bibi naye alikuja, akakaa peke yake chini ya kivuli cha jiwe, na ungo ambao haujakwisha magotini, akaendelea kusuka. Hakuna aliyemsogelea isipokuwa mama, aliyekwenda kukaa naye.

Nilikata kitambaa cheusi cha bitana, mduara ukubwa wa kisosi, nikaushonea katikati ya boksi la mafuta ya kula. Tulilisimamisha boksi kwenye ukuta wa udongo, umbali ambao baba alisema ni ule ule wa zizini. Risasi zake zilikuwa chache na za aina isiyopatikana siku hizi, kwa hiyo kila moja ilikuwa na uzito.

"Piga wewe kwanza," baba akamwambia afisa. "Wewe una macho mapya."

Afisa akalala kifudifudi, akauweka mtutu juu ya kiroba cha mchanga, akatulia. Mlio uligonga miamba ukaturudia, na kanga wa porini wakaruka kutoka kwenye vichaka. Baba alikwenda mwenyewe kwenye boksi, akarudi bila kusema tulichosubiri kusikia, akaashiria tu kwamba apige tena. Afisa akakoki, ganda likaruka, akapiga.

Safari hii baba alilinyanyua boksi lote juu ya kichwa chake na kuwageukia watu. Kitambaa cheusi kilikuwa kizima. Matundu mawili yalikuwa kushoto, chini kidogo, yamekaribiana kama pua za ng'ombe.

"Huyu kijana haoni vibaya," baba akasema. "Yeye hamjui mtu yeyote hapa kijijini, wala hana ugomvi na bibi yeyote. Naye amekosa kushoto."

Kulikuwa na minong'ono. Kisha sauti ikatoka kwa wanaume: "Basi bunduki ndiyo imerogwa."

"Imerogwa na jiwe la kusagia," baba akajibu. "Subirini."

Watu wakacheka, na sasa zamu ilikuwa yangu. Afisa alihakikisha bunduki haina risasi, akaishika kwa nguvu juu ya kiroba. Nilikuwa na kipande cha shaba ninachotumia kugongea vyuma vya cherehani bila kuvichubua. Nikauliza kwa sauti: "Nakisukuma upande gani?"

"Kushoto zaidi," afisa akasema. "Inakwenda kushoto, kwa hiyo tunapeleka macho upande huo, mtutu urudi kulia."

"Hapana," baba akasema. "Cha nyuma huifuata risasi. Sindano ya mbele ndiyo hukimbiana nayo."

Wakabishana kwa heshima, kila mmoja akilenga hewani kwa kidole. Mimi nilifunga macho nikaliwaza. Mwanya ukiwa umesogea kushoto, ili uione sindano katikati yake lazima upeleke na mdomo wa bunduki kushoto. Basi mwanya ukirudi kulia, mdomo unarudi kulia. Baba alikuwa sahihi, na afisa, baada ya kujaribu tena kwa kidole chake, akaitikia kwa kichwa akasema, "Ni kweli, mzee."

Nilidondosha mafuta ya taa kwenye mfereji, nikasubiri yapenye. Nikagonga. Hakikusogea. Nikagonga tena, kidogo zaidi, nikiwaza nyufa zote ambazo nimewahi kusababisha kwenye vyuma vya watu. Kikang'ang'ania, halafu ghafla kikateleza, na nikajua kabla sijatazama kwamba kimepita kiasi.

Afisa akapiga. Kulia kwa kitambaa. Watu wakaguna kama watu wanaotazama mpira ukigonga mwamba wa goli. Lakini mimi nilikuwa na furaha isiyoelezeka, kwa sababu kile chuma kilikuwa kimetutii. Nilikirudisha kwa kugonga kama mtu anayebisha hodi nyumba yenye mtoto aliyelala, nikilinganisha na ule mstari wa zamani uliong'aa. Ukingo wake wa kulia ulipotua kwenye mwisho wa mstari ule nikaacha.

Risasi iliyofuata ilipiga chini ya kitambaa, katikati kabisa. Sasa ilibaki kupanda. Chini ya kipande cha nyuma kuna kichuma chenye vidato, kama ngazi ndogo. Baba alikivuta kidato kimoja kwa ukucha wake mgumu, kwa wepesi wa mtu afungaye kifungo cha shati lake. Afisa akapiga tena, na kitambaa kikatikisika.

Wanawake walipiga vigelegele. Hata jirani mwenye kondoo alisimama juu ya jiwe.

"Nipe mimi," baba akasema.

Akalala chini polepole, magoti yakilalamika. Alilenga muda mrefu. Kisha akainua uso.

"Mama, njoo." Nikainama karibu yake. Alininong'oneza ili wengine wasisikie. "Naona weusi juu ya weusi. Sindano siioni inapoishia."

Basi na jicho nalo lilikuwa limechoka kidogo. Sikumwambia hivyo. Nilipekua mkoba wangu nikatoa chaki nyeupe ya kuchorea nguo, afisa akaifungua bunduki na kuishika, nami nikaisugua ncha ya sindano mpaka ikawa nyeupe kama jino.

"Na sasa?"

Aliweka shavu kwenye kitako. Nikaona bega lake linalegea.

"Sasa naiona," akasema.

Alipiga. Kitambaa kikatikisika kwenye ukingo wake wa chini. Bila kuinua uso akausukuma wenzo, na lile ganda la moto likaruka moja kwa moja ndani ya kola ya afisa aliyekuwa amepiga magoti kando yake. Kijana wa watu aliruka akacheza ngoma ambayo haipo kwao Kilimatinde wala kwetu, akijipiga mgongoni, na korongo zima likaangua kicheko. Baba alikuwa amekwisha piga tena. Tulipofika kwenye boksi, tundu lilikuwa katikati ya duara jeusi.

Jirani alikuja, akaingiza kidole kwenye tundu, akakizungusha. "Mzee," akasema, "basi rudi zizini kwangu."

Afisa na baba walikesha huko. Mimi na mama tulilala kwa zamu, na mapambazuko yalipoanza kuonyesha paa za nyumba tulikuwa wote wawili tumesimama uani na vikombe vya uji ambavyo hatukuvinywa. Mlio mmoja ukasikika. Mama akanishika mkono. Tulingoja wa pili, ukakataa kuja. Kisha tukakimbia, mama mbele yangu, pamoja na umri wake wote.

Fisi alikuwa ameanguka hatua chache kutoka kwenye zizi. Alikuwa jike, mzee, meno yamelika hadi kwenye fizi, mbavu zinahesabika. Kwenye mguu wa mbele kulikuwa na waya wa mtego uliozama ndani ya nyama, nyama ikaota juu yake. Afisa alieleza watu waliofika kwamba mnyama wa hivyo hawezi tena kukimbiza swala, ndiyo maana anakuja kwenye kondoo, na ndiyo maana anatembea hata akipigiwa risasi.

Watu walipisha njia. Yule bibi alikuwa amefika. Alimzunguka fisi, akamtazama mguu, akamtazama mgongo.

"Huyu ndiye mliyesema namtumia?" akauliza. "Mgongo wenyewe mwembamba hivi. Ningekaa wapi?"

Mtu mmoja alicheka, akanyamaza. Jirani mwenye kondoo alivua kofia yake na kusogea mbele. Alikuwa mtu mzima mwenye wajukuu, na kwa siku zote za mkasa ule hakuwa amemsalimia.

"Shikamoo, mama," akasema. "Tumekukosea."

Bibi alimwacha asimame vile kwa muda. Upepo ulikuwa umeanza. "Marahaba," akasema mwishowe. "Vijana wako waje waangalie bati langu. Linavuja." Akageuka kurudi kwake, na mama akafuatana naye.

Mchana huo nilipanda gari la kurudi mjini, baba akiwa kando yangu dirishani. Nilikuwa nimemwambia kwamba hospitali kuna daktari wa macho na kwamba safari hii hatutabishana. Hakubisha. Bunduki aliiacha nyumbani imefungiwa, na mikono yake, kwa kukosa cha kushika, haikutulia. Alimweleza abiria wa mbele, halafu kondakta, halafu mama mmoja aliyepanda njiani na kuku, jinsi mwanya wa nyuma unavyoifuata risasi na sindano ya mbele inavyokimbiana nayo, akiwalengesha mmoja mmoja kwa vidole vyake viwili. Mwaka mzima sikuwa nimemsikia akisema maneno mengi kiasi kile. Tulipoanza kuona maji ya ziwa Singidani bado alikuwa akiongea, na yule mama wa kuku alikuwa amefumba jicho moja, amenyoosha kidole, analenga.